Mgeni Aliyekuja na Kuku: Somo la Chakula cha Mchana cha Jumapili



Ndugu zangu katika imani, makala zetu za fiqhi mara nyingi huanzia darasani. Hii ilianzia jikoni, nyumbani kwetu Oli hapa Arua, siku ya Jumapili, na iliniachia aibu ambayo bado sijaimaliza. Naiandika kwa sababu najua siko peke yangu. Wengi wetu tunaosoma dini chuoni tumetoka katika nyumba ambazo upande mmoja wanaswali na upande mwingine wanakwenda kanisani. West Nile ndivyo ilivyo. Utamkuta Mlugbara Muislamu ambaye kaka yake wa tumbo moja ni mwalimu wa Jumapili, na Mkakwa Mkristo ambaye binti yake ni Hajati. Mwisho wa wiki jamaa hao huja kula nasi. Je, tumejifunza nini juu ya siku hiyo, mbali na kujua kipi ni halali na kipi ni haramu?

Ugeni wenyewe

Baba yangu ni Mnubi. Mama yangu ni Mkakwa wa Koboko, na alisilimu kabla ya kuolewa. Mama yake, yaani bibi yangu, amebaki Mkristo mpaka leo. Kutoka Koboko hadi Arua ni kama kilomita 55, na tangu barabara ya Vurra hadi Oraba iwekwe lami safari imekuwa nyepesi. Mtu anahudhuria ibada ya asubuhi kanisani, anapanda taksi, na anafika Oli kabla chakula hakijaiva.

Jumapili hiyo walikuwa wanakuja saba: bibi, mjomba na mkewe, mama mdogo na watoto watatu. Sisi nyumbani tulikuwa saba. Jumla kumi na wanne. Mama alikuwa ndiyo kwanza ameinuka kutoka kitandani baada ya malaria, kwa hiyo jiko likawa langu na la mdogo wangu wa kike. Wapo watakaocheka kusikia kijana wa kiume ameshika mwiko. Hao wairudie hadithi iliyopokewa na Bukhari, ambamo Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Akajibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wake wa nyumbani, na wakati wa swala ukiingia alitoka kwenda kuswali. Sisi vijana tunaipenda sana ile sehemu ya pili ya hadithi.

Jumamosi baba alinipa shilingi 70,000. Kichwani mwangu tayari nilikuwa na pilau, nyama ya mbuzi na kreti ya soda, na nilikuwa nafikiria nimkope nani zitakazopungua. Mama akanikatiza. Alisema bibi hali wali, anauona ni chakula cha kuchezea meno. Bibi anataka enyasa, ule ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, na anataka samaki wa angara katika mchuzi wa karanga. Wengine watakula anachokula bibi. Ndivyo tulivyopanga: enyasa, angara, majani ya kunde yaliyotiwa simsim ya kusagwa, na kilo mbili za nyama ya ng'ombe kwa ajili ya watoto. Hela zikabaki.

Hapo tayari pana somo, na wengi wetu hulivuka bila kuliona. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Anas kwamba Umar (r.a.) alisema wao walikatazwa kujikalifisha. Na kuna kisa cha Salman al-Farsi (r.a.) alichokipokea al-Hakim. Salman alipata wageni, akawawekea mkate na chumvi, akawaambia kwamba lau si Mtume kutukataza kujikalifisha kwa ajili ya mgeni angewatafutia zaidi. Mmoja wao akasema laiti chumvi hiyo ingekuwa na majani kidogo ya kutia ladha. Salman akachukua chombo chake cha kutawadhia, akakiweka rehani, akaleta majani. Walipokwisha kula, mgeni yule akamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kuwafanya waridhike na alichowaruzuku. Salman akamwambia kwamba lau angekuwa ameridhika, chombo chake kisingekuwa rehani. Nikiwa nimesimama sokoni mbele ya muuza soda nilikikumbuka kisa hiki nikacheka peke yangu, na mwenye duka akaniangalia vibaya.

Mpangilio wa jiko

Angara hutoka huku kwetu mtoni Nile na Ziwa Albert, na wale wa kukaushwa kwa chumvi wanahitaji kutayarishwa mapema. Nilikata vichwa Jumapili asubuhi, nikawaloweka kwenye maji ya uvuguvugu, nikayamwaga, nikaloweka tena. Usipofanya hivyo mchuzi wote utakuwa chumvi na mchanga. Karanga tulizisaga Jumamosi. Usizitie zikiwa donge. Zizimue kwanza na maji ya moto katika bakuli, kisha uzimimine juu ya nyanya na vitunguu vilivyokwisha kuiva, na moto uwe mdogo, maana karanga hazichelewi kushika chini. Samaki wanaingia mwisho ili wasivunjike.

Enyasa haipikwi mapema. Ikikaa inakuwa ngumu na mzee wa meno machache hawezi kuila. Kwa watu kumi na wanne niliisonga mara mbili, sufuria juu ya sigiri, dada yangu akiishikilia kwa vitambaa, nami nikizungusha mwiko mpaka mabega yakalia. Tangu siku hiyo sijamsikia mama akisema amechoka nikachukulia ni maneno tu.

Jambo la saa nalo linataka akili. Arua iko magharibi mwa ukanda wetu wa saa, kwa hiyo adhuhuri kwetu huingia karibu na saa saba mchana, saa ileile ambayo mgeni aliyetoka safari ana njaa. Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba hakuna swala chakula kinapokuwa kimeshaletwa. Wanachuoni wengi wamelieleza jambo hili kuwa ni karaha kwa ajili ya moyo kushughulishwa na chakula, maadamu wakati wa swala bado ni mpana. Maana yake kwa mpishi ni rahisi: usipakue halafu ukakimbilia msikitini, ukawaacha wageni wasioswali wakitazama mabakuli yaliyofunikwa. Ama uswali kwanza ndipo upakue, ama ule nao halafu uswali kabla wakati haujabana. Sisi tuliswali adhuhuri, kisha nikasonga ule ugali wa pili wakati wageni wanaingia uani. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa kimekwenda vizuri, na nilikuwa nimejaa majivuno.

Alivyofanya Nabii Ibrahim

Juma hilohilo chuoni tulikuwa tumepitia kisa cha wageni wa Nabii Ibrahim (a.s.), katika Sura adh-Dhariyat aya ya 24 hadi ya 27, na kipo pia katika Sura Hud aya ya 69. Wageni walikuja, wakamtolea salamu, naye akaitikia, na hakuwajua ni akina nani. Ibn al-Qayyim na wafasiri wengine wamekitazama kisa hiki kwa makini sana na kutoa humo adabu za ukarimu.

Kwanza, aliondoka kwa siri. Neno lililotumika katika Kiarabu linabeba maana ya kuchepuka bila mgeni kutambua. Hakuwauliza kama watakula. Sisi tunajua kwa nini. Muulize mtu wa kwetu kama atakula na atakujibu ameshiba, hata kama tangu asubuhi hajaonja kitu. Pili, hakukawia. Tatu, alileta ndama mnono, si masazo. Nne, aliwasogezea chakula pale walipokaa, hakuwaambia waamke wakifuate. Tano, aliwakaribisha kwa swali la upole na si kwa amri.

Nikiwa jikoni nilikuwa nikizihesabu adabu hizi na kujipa alama. Sikuuliza kama watakula. Sikukawia. Chakula nimekipeleka chini ya mwembe walipokaa. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba Ibrahim aliyafanya yote hayo kwa watu asiowajua kabisa, wala hakuwachunguza kwanza.

Kikapu cha bibi

Bibi hasafiri mikono mitupu. Sijui kama kuna bibi yeyote wa West Nile anayesafiri mikono mitupu. Baada ya kusalimiana alikivuta kikapu chake, akatoa chupa ya asali, akatoa mfuko wa simsim, kisha akatoa kuku mzima aliyekaushwa kwa moshi, amefungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Akampa mama, akasema ni wa mjukuu wake anayesoma dini, ili apate nguvu za kusoma.

Nami, mbele ya mjomba, mbele ya watoto na mbele ya baba, nikasema: "Bibi, huyu hatuwezi kumla. Hatujui kachinjwa na nani."

Nilikuwa na ushahidi tayari mdomoni na nikautoa. Nilieleza habari ya nyamafu. Nilieleza kwamba kwa madhehebu yetu ya Shafi jambo la vichinjwa vya Wakristo lina masharti. Nadhani nilizungumza kama dakika mbili, na sauti yangu ilikuwa tulivu, ile sauti tunayoitumia kwenye mihadhara ya Jumamosi. Bibi hakujibu neno. Mama alimchukua kuku akaenda kumweka juu ya rafu ya jikoni. Baba alianza kuwauliza watu habari za mvua huko Koboko.

Chakula kililiwa. Watoto waliimaliza nyama. Bibi aliumega ugali kidogo, akasifu mchuzi wa angara, akasema ameshiba. Mvua ilipoanza kukusanyika upande wa Congo wakaaga mapema kuliko kawaida yao. Jioni mama alimpelekea kuku jirani yetu, na aliporudi hakunigombeza. Aliniuliza tu kama katika vitabu vyangu kuna mahali palipoandikwa kuhusu mama mzazi.

Nilivyokuta vitabuni

Nilijua papo palipoandikwa. Nilikuwa nimepasoma, tena nimepafanyia mtihani. Asma binti Abu Bakr (r.a.) alijiwa Madina na mama yake, ambaye bado alikuwa mshirikina, katika kipindi cha mapatano na Makureshi. Asma akamwendea Mtume (s.a.w.) akamuuliza kama amuunge mama yake aliyekuja akiwa na matarajio. Akaambiwa ndiyo, amuunge mama yake. Hadithi iko katika Bukhari na Muslim. Katika upokezi wa Imam Ahmad mna maelezo zaidi, nayo ndiyo yaliyonichoma: mama huyo, aliyeitwa Qutayla, alikuja na zawadi, na miongoni mwake ilikuwemo samli. Asma alikataa kuzipokea na kumwingiza nyumbani mpaka swali lipelekwe kwa Mtume. Jibu likaja kwamba apokee zawadi zake na amwingize nyumbani kwake. Wafasiri wanaitaja Sura al-Mumtahana aya ya 8 katika tukio hili, aya inayobainisha kwamba Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini.

Ndugu msomaji, tazama vizuri. Asma naye alisita. Kusita si dhambi. Mtu mwenye kuogopa haramu husita. Lakini Asma alisita kisha akauliza. Mimi nilisita kisha nikahutubu.

Tuje kwenye kuku mwenyewe, maana sitaki mtu adhani nasema hukumu si kitu. Sura al-Maida aya ya 5 imehalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, na Ibn Abbas (r.a.) amekifasiri chakula hicho kuwa ni vichinjwa vyao. Mtume mwenyewe alipokea nyama ya kondoo kutoka kwa mwanamke wa Kiyahudi huko Khaybar akala, na hadithi hiyo ni mashuhuri kwa sababu ya sumu iliyotiwa ndani yake. Huo ndio msingi. Kisha likaja suala la watu walioingia Ukristo ilhali si wana wa Israili. Masahaba walihitilafiana kuhusu Banu Taghlib, kabila la Kiarabu lililokuwa la Kikristo. Ali (r.a.) alikataza vichinjwa vyao, akisema hawakushika chochote katika Ukristo ila ulevi. Ibn Abbas akaviruhusu. Vitabu vya Shafi vikalijengea jambo hili sharti la nasaba, yaani ijulikane kwamba wazee wa mtu huyo waliingia dini hiyo kabla haijafutwa. Madhehebu mengine matatu hayakuliweka sharti hilo. Basi hoja niliyoitoa chini ya mwembe ipo kweli vitabuni. Ila niliitoa nusu, kama kwamba umma mzima hauna kauli nyingine.

Na juu ya kumtaja Mwenyezi Mungu wakati wa kuchinja, cha ajabu ni kwamba Shafi ndio wapole zaidi, kwani kwao ni sunna. Nilikuwa nimechukua ukali wa madhehebu mahali pamoja na kuusahau upole wake mahali pa pili. Tabia hii naiona sana kwetu wanafunzi.

Halafu kuna hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) katika Bukhari, ambayo kwa maoni yangu ingetosha peke yake siku ile. Watu walimwambia Mtume (s.a.w.) kwamba kuna kaumu wanawaletea nyama, nao hawajui kama imetajiwa jina la Mwenyezi Mungu au la. Akawaambia wao wataje jina Lake na wale. Aisha akaeleza kwamba kaumu hiyo ilikuwa karibu na zama za ukafiri, yaani walikuwa wapya katika Uislamu. Wanachuoni wametoa humo kanuni kwamba kitendo kilichofanywa na mtu anayestahiki kukifanya huchukuliwa kuwa ni sahihi mpaka uonekane ushahidi wa kinyume, wala hatukukalifishwa kupekua. Sheria inapojua kwamba mnyama hakuchinjwa, au ni nguruwe, au kuna ulevi ndani ya chungu, hapo hakuna mjadala, na hata bibi hatakulaumu. Lakini "sijui" si sawasawa na "najua si halali", na mimi nilizifanya kitu kimoja.

Tuseme basi mtu ameshikilia kauli kali na moyo wake hautulii. Ni haki yake. Atakataa vipi? Hilo nalo lina mfano, na umetokea mezani pa Mtume. Umm Hufayd, mama mdogo wa Ibn Abbas na ndugu yake Bibi Maymuna (r.a.), alileta zawadi ya vyakula vitatu: samli, jibini kavu na kenge wa jangwani. Mtume (s.a.w.) akala samli na jibini, akamwacha kenge. Khalid bin al-Walid alipouliza kama ni haramu, akaambiwa si haramu, ila hapatikani katika ardhi ya kaumu yangu na nafsi inamkinai. Khalid akamvuta akamla, na Mtume anatazama. Umm Hufayd hakusomewa somo. Alichokileta kililiwa, sehemu na mgeni rasmi na sehemu na wengine.

Kikapu cha bibi nacho kilikuwa na vitu vitatu. Asali ya West Nile haina khitilafu ya mwanachuoni yeyote. Simsim haichinjwi. Ningeweza kuifungua chupa ile palepale, nikachovya kidole, nikamshukuru, na kuku akaenda jikoni kimya. Usiku ningekwenda kumuuliza sheikh, au kwanza kabisa ningemuuliza mama. Badala yake, katika dakika zangu mbili za hotuba, asali ilibaki imezibwa.

Neno moja kwa wenzangu wa kike, ambao mara nyingi ndio huachiwa ugeni wote: suala hili linawagusa zaidi, maana ninyi ndio mtakaopokea vikapu mlangoni. Lijueni kabla wageni hawajafika. Muulizeni sheikh wenu Ijumaa, si Jumapili saa saba. Na mkiwa na wasiwasi wa kweli kuhusu nyama, mtumieni mgeni ujumbe mapema kwamba nyama ya siku hiyo ni ya nyumbani, yeye alete matunda au asali. Mtu akiambiwa kabla anafurahi kujua alete nini. Akiambiwa baada ya kufungua kikapu, anakuwa amefukuzwa na kikapu chake.

Safari ya Koboko

Jumamosi ya tatu baada ya siku ile nilipanda taksi kwenda Koboko. Sikumwambia mama. Nilinunua sukari kilo mbili na majani ya chai, na njia nzima, kupitia Maracha, nilikuwa nikipanga maneno. Nilipanga kumweleza bibi kwamba kuna kauli za wanachuoni, na kwamba nimezisoma upya, na kwamba kwa kauli iliyo pana kuku wake alikuwa halali.

Nilimkuta anapepeta mtama. Nilipiga goti, nikamsalimu, nikaanza hotuba yangu. Hakuiacha ifike mbali.

"Kuku yule alichinjwa na kijana wa jirani," akasema. "Yule anayeadhini hapo msikitini."

Sikuwa na la kusema. Akaendelea kupepeta, akanisimulia, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kikakwa, jambo ambalo hata mama hajawahi kunisimulia. Serikali ya Amin ilipoanguka mwaka 1979, na katika mwaka uliofuata, watu wengi wa West Nile walivuka mpaka kwenda Sudan na Zaire kukimbia vita na visasi. Bibi alivukia Sudan na mama yangu mgongoni. Huko walipojenga vibanda, majirani zake walikuwa wanawake wa Kiislamu, wengine Wanubi, wengine Wakakwa wenzake. Sufuria zilikuwa chache. Wakakubaliana kwamba kila kuku atakayepatikana, awe wa nani, atachinjwa na Muislamu, ili sufuria iwe moja na mtoto yeyote asipitwe na mchuzi. Miaka ile ya ukimbizini ilipita, wakarudi Koboko, naye hajawahi kubadilisha. Kuku wake wote huchinjwa na mtoto wa jirani. Hata wa Krismasi.

"Nilikula na Waislamu kabla baba yako hajamwona mama yako," akasema.

Jambo hili si la bibi yangu peke yake. Ukienda kwenye harusi na matanga ya Wakristo katika sehemu nyingi za Uganda utakuta wamemwita Muislamu aje achinje, ili wageni wote wale pamoja. Nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimeliona mara nyingi toka utoto. Katika mambo yote niliyokuwa nayajua siku ile, hili ndilo lililokuwa na faida, na ndilo pekee ambalo sikulikumbuka.

Nikamuuliza kwa nini hakusema palepale chini ya mwembe.

"Hukuniuliza," akasema. "Ulinieleza."

Nilimwomba msamaha, kwa maneno machache, maana yale mengi niliyoyapanga yalikuwa hayafai tena. Akanitazama kidogo, akauliza kama shule inakwenda vizuri na kama mama amepona. Adhuhuri ilikuwa imekaribia, nami nikasikia adhana ikianza upande wa msikiti, na nikajua ni sauti ya nani. Nikanyanyuka kwenda kuswali. Niliporudi, ungo wa mtama ulikuwa peke yake uani, moshi unatoka jikoni, na nilipochungulia nimwambie asijisumbue, nilikwisha kula Arua, alikuwa ameinamia sigiri wala hakugeuka.

Wallahu a'lam.